Aliyefunga Ukurasa Si Lazima Amechoka: Hoja Dhidi ya "Kiwango cha Kudunda"

Hebu fikiria ni saa tatu usiku, kesho una mtihani, na huna uhakika ni ukumbi gani. Unachukua simu, unatafuta tovuti ya idara yako, unafungua ukurasa wa ratiba, unaona: saa 2:00 asubuhi, ukumbi namba 3. Unashusha pumzi. Unafunga simu, unalala.

Swali langu kwako: ziara yako kwenye tovuti hiyo ilifanikiwa au ilifeli?

Wewe utasema imefanikiwa, tena sana. Ulikuja na swali moja, ukaondoka na jibu moja, na bando lako halikuumia. Lakini kwa miaka mingi mfumo unaohesabu wageni wa tovuti ungeandika kinyume kabisa: mgeni aliingia, hakufanya kitu, akatoka, muda aliokaa, sekunde 0.

Mfano huu sikuutoa hewani. Miaka michache iliyopita niliombwa kusaidia kusoma takwimu za tovuti ya idara moja ya chuo. Kwenye kikao, ukurasa wa ratiba ya mitihani ulikuwa kinara wa orodha ya "kurasa mbovu", umepakwa rangi nyekundu. Pendekezo likatolewa: ratiba ikatwe vipande, kila mwaka wa masomo uwe na ukurasa wake na kila kozi ukurasa wake, ili mwanafunzi abofye mara tatu kabla ya kufika. Namba mbaya itashuka, tuliambiwa. Na ni kweli, ingeshuka. Hakuna aliyeuliza nani atalipia hizo kurasa za ziada. Na mimi, nakiri, nilinyamaza.

Leo sinyamazi. Makala hii ni ukosoaji wa namba hiyo. Sipingi kuhesabu, mimi mwenyewe naishi kwa kuhesabu. Napinga kuipa namba maana isiyokuwa nayo, kisha kumtoza msomaji gharama ya kosa hilo.

Namba yenyewe inasema nini?

Maofisini wengi huiita tu "baunsi reti". Hapa nitaiita kiwango cha kudunda, kwa sababu picha iliyomo ni ya mpira: umegusa sakafu, umerudi ulikotoka. Ni asilimia ya ziara ambazo mgeni aliona ukurasa mmoja tu, kisha akaondoka bila kufanya jambo lolote jingine ambalo mfumo unaliona. Wakija wageni 100 na 70 kati yao wakaishia kwenye ukurasa waliofikia, kiwango cha kudunda ni asilimia 70.

Namba hii ilisambaa duniani hasa kupitia Google Analytics, huduma ambayo Google ilianza kuitoa bure mwaka 2005 baada ya kuinunua kampuni ya Urchin. Bure ni neno kubwa. Ghafla mwenye duka la mtandaoni, gazeti, hospitali na idara ya chuo wote walikuwa na ubao uleule wa takwimu, na juu ya ubao huo kiwango cha kudunda kilikaa mahali pa wazi. Watu wakajifunza kuisoma kama mtihani: ndogo ni nzuri, kubwa ni aibu.

Kwa mwenye duka, haijakosea sana. Mteja akifika kwenye ukurasa wa viatu na asiangalie bei, saizi wala kapu la manunuzi, kuna la kujiuliza. Lakini si kila tovuti ni duka la viatu. Nyingine ni kama duka la dawa. Unaingia, unapewa dawa, unatoka ndani ya dakika mbili. Hakuna mfamasia mwenye akili timamu atakayesema siku imekuwa mbaya eti kwa sababu wagonjwa hawakuzunguka kwenye rafu zote.

Sekunde 0 zinatoka wapi?

Hapa ndipo penye sayansi, na ndipo watu wengi hawajawahi kuangalia. Unapofungua ukurasa, kipande kidogo cha programu kilichofichwa ndani yake kinatuma ujumbe kwenye seva: "mtu amefungua ukurasa huu, saa hii." Ukibofya kwenda ukurasa wa pili, ujumbe mwingine unatumwa. Kwenye mfumo wa zamani, muda uliokaa kwenye ukurasa wa kwanza ulipatikana kwa kutoa: saa ya ujumbe wa pili toa saa ya ujumbe wa kwanza.

Umeona tatizo? Ukurasa wa mwisho hauna ujumbe unaoufuata. Ukifunga simu, mfumo wa zamani hauambiwi chochote. Hakuna cha kutoa.

Chukua wasomaji wawili. Wa kwanza anafungua makala saa 4:00 asubuhi, anaisoma kwa dakika 12, anafunga. Mfumo unaandika sekunde 0, na kwamba amedunda. Wa pili anafungua saa 4:00, haelewi kitu, saa 4:03 anabofya ukurasa mwingine, anausoma kwa dakika 20, anafunga. Mfumo unaandika dakika 3. Hapo, yule aliyesoma dakika 12 hakusoma, na yule aliyesoma dakika 23 kasoma 3. Zote mbili ni uongo, ila uongo wenye desimali.

Ongeza sheria ya nusu saa. Kwa kawaida, ukikaa dakika 30 bila kufanya kitu, ziara yako inahesabiwa kuwa imekwisha. Tuseme unasoma makala ndefu, umeme unakatika, unatoka kutafuta mshumaa, mama anakutuma kwa jirani, unarudi baada ya dakika 40 na kubofya makala ya pili. Kwa mfumo ule, hizo ni ziara mbili za ukurasa mmoja mmoja. Msomaji mwaminifu kuliko wote umedunda mara mbili.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mfumo huu uliambiwa kwamba kimya maana yake ni hakuna mtu.

Wageni walewale, majibu mawili

Oktoba 2020 Google walitoa toleo jipya, Google Analytics 4, na tarehe 1 Julai 2023 toleo la zamani likaacha kupokea data za watumiaji wa kawaida. Mwanzoni toleo jipya halikuwa na kiwango cha kudunda kabisa. Watu walikilalamikia, na mwaka 2022 kikarudishwa. Lakini kilichorudi kilikuwa kitu kingine chenye jina lilelile.

Sasa ziara inahesabiwa kuwa na ushiriki ikitimiza sharti moja kati ya matatu: imedumu zaidi ya sekunde 10, au mgeni ameona kurasa mbili au zaidi, au amefanya jambo ambalo mwenye tovuti ameliorodhesha kuwa muhimu, kama kujaza fomu. Ziara isiyotimiza hata moja ndiyo inayoitwa imedunda. Kwa hiyo kiwango cha ushiriki na kiwango cha kudunda sasa ni pande mbili za shilingi moja; ukivijumlisha unapata 100.

Tufanye hesabu ya kubuni. Wanafunzi 100 wamefungua ukurasa wa ratiba. Kumi wamebofya kwenda kurasa nyingine. Tisini wameona ratiba tu wakafunga, na kati ya hao tisini, 60 walikaa zaidi ya sekunde 10. Kwa kanuni ya zamani kiwango cha kudunda ni asilimia 90. Kwa kanuni mpya ni asilimia 30. Hakuna mwanafunzi aliyebadilisha tabia, hakuna neno lililobadilishwa kwenye ukurasa. Ukurasa umehama kutoka rangi nyekundu hadi ya kijani kwa sababu mtu fulani mbali amebadilisha kanuni.

Nakubali kwamba kanuni mpya ni bora. Angalau inasikiliza muda ambao ukurasa uko wazi mbele ya macho. Lakini tusiifanye sekunde ya kumi kuwa takatifu. Ni uamuzi wa watu. Mwenye tovuti anaweza kuusogeza mpaka hadi sekunde 60 akitaka. Na sekunde 10 si kitu kilekile kila mahali. Mwanafunzi mwenye intaneti ya haraka anaona tarehe ya mtihani kwa sekunde 6, anaondoka: amedunda. Mwenzake aliye kwenye mtandao wa kusuasua anasubiri sekunde 15 jedwali lionekane, anakata tamaa, anafunga: huenda akahesabiwa kuwa ameshiriki. Aliyepata jibu amefeli, aliyekosa amefaulu.

Wastani nao una hila zake

Tuseme unayo namba nzuri kabisa, isiyo na kasoro yoyote niliyotaja. Bado unaweza kudanganyika, kwa sababu tovuti haina "mgeni wa wastani". Kuna waliotumwa na mashine ya kutafuta wakiwa na swali moja, na kuna wenyeji wanaokuja wenyewe.

Mwezi wa kwanza zimekuja ziara 1,000. Kati yake 200 ni za watafutaji, na asilimia 80 zinadunda, yaani 160. Zilizobaki 800 ni za wenyeji, na asilimia 30 zinadunda, yaani 240. Jumla ni 400 kati ya 1,000: asilimia 40.

Mwezi wa pili tovuti imerekebishwa. Watafutaji wanadunda kwa asilimia 75, wenyeji kwa asilimia 25. Makundi yote mawili yameimarika! Ila mwezi huo ni wa matokeo, watafutaji wamefika 800 na wenyeji ni 200. Hesabu: 600 jumlisha 50, sawa na 650. Asilimia 65.

Kila kundi limepata nafuu, jumla imeharibika. Wanatakwimu wanauita utata huu kwa jina la Edward Simpson, aliyeueleza kwenye makala yake ya mwaka 1951. Kwenye kikao, namba itakayooneshwa ni moja tu: kutoka 40 hadi 65. Na kijana aliyeirekebisha tovuti ndiye atakayeulizwa amefanya nini.

Hata kampuni kubwa zinakwama hapa. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba namba yake ya wastani wa muda wa kutazama video ilikuwa na kosa. Walichukua muda wote uliotazamwa, wakagawanya kwa watazamaji waliofikisha sekunde 3 tu. Waliokimbia mapema waliondolewa kwenye kigawanyo. Jaribu mwenyewe: watu 10, wanne wanakimbia kwenye sekunde ya 1, sita wanatazama sekunde 10. Jumla ni sekunde 64. Gawanya kwa 10, unapata 6.4. Gawanya kwa 6, unapata karibu 10.7. Umeongeza theluthi mbili ya wastani bila mtu yeyote kutazama sekunde moja zaidi. Makadirio yaliyotolewa wakati ule ni kwamba namba ilikuzwa kwa asilimia 60 hadi 80, na watangazaji walikuwa wakipanga bajeti zao kwa kuitazama.

Namba ikigeuka lengo

Sasa nirudi kwenye ratiba yetu, maana hapa ndipo panaponiuma.

Ratiba ilikatwa vipande. Muhula uliofuata kiwango cha kudunda kilishuka vizuri sana, kama tulivyoahidiwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuona tarehe yake kwa ukurasa mmoja. Tuliipigia makofi. Kilichotokea nje ya takwimu ni hiki: mwanafunzi mmoja wa kila darasa alikuwa anaingia, anabofya mpaka anafika, anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Wengine wote wakaacha kuja. Kisha ukumbi mmoja ukabadilishwa siku mbili kabla ya mtihani. Tovuti ilirekebishwa palepale. Picha haikurekebishwa. Asubuhi ile kuna watu walikuwa wanakimbia kutoka jengo moja kwenda jingine, mtihani ukiwa umeshaanza.

Ubao wa takwimu haukuonesha chochote. Usingeweza. Aliyekata tamaa kabla ya kuja hahesabiwi kuwa amedunda, hahesabiwi kabisa.

Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza Charles Goodhart, akizungumzia sera za fedha, alieleza kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pale serikali inapoanza kuutumia kama usukani. Mwaka 1997 mwanaanthropolojia Marilyn Strathern alilipanua wazo hilo akiandika juu ya ukaguzi wa vyuo vikuu: kipimo kikishafanywa shabaha, hakifai tena kuwa kipimo. Sisi tulikuwa chuoni, tumezungukwa na maprofesa, na tulianguka kwenye shimo ambalo limeshawekewa kibao.

Shimo hilo lina milango mingi. Makala iliyokatwa kurasa sita ili ubofye "endelea". Jibu unalolitaka limezikwa chini ya aya kumi za historia. Video inayojicheza yenyewe. Kuna na mlango wa bahati mbaya: ukibandika kile kipande cha programu mara mbili kwenye ukurasa mmoja, kwenye mfumo wa zamani kila ziara ilituma ujumbe mara mbili, na kiwango cha kudunda kikaporomoka hadi karibu na sifuri. Wenye uzoefu wakiona namba nzuri kupita kiasi hutafuta kosa kwanza. Wasio na uzoefu huandika ripoti ya mafanikio.

Na kejeli ya mwisho: Google yenyewe, iliyoieneza namba hii, ilijisifu katika orodha ya misingi yake kwamba lengo lake ni watu waondoke kwenye tovuti yake haraka iwezekanavyo. Kwa mashine ya kutafuta, kuondoka haraka ni dalili kwamba umepata. Kanuni hiyo ingefaa pia ratiba, namba ya dharura, bei ya mahindi, dalili za malaria na tarehe ya mwisho ya mkopo wa masomo.

Basi tuitupe?

Hapana. Kipimajoto hakikuambii unaumwa nini, lakini hukitupi. Nina mapendekezo manne kwa yeyote mwenye tovuti, hata kama ni ya kikundi cha kwaya.

Kwanza, andika kwa sentensi moja mgeni anakuja kwenye ukurasa huu kufanya nini. Kama jibu ni "kuona tarehe", kudunda ni ushindi. Kama jibu ni "kujaza fomu ya maombi", kudunda ni kengele. Usilinganishe kurasa zenye kazi tofauti kwenye jedwali moja.

Pili, linganisha ukurasa na wenyewe: wiki hii na wiki iliyopita, simu na kompyuta, watafutaji na wenyeji, na kwa kanuni ileile ya kuhesabu. Hapa namba hii ina thamani ya kweli. Ukiona kwenye simu tu kiwango kimeruka ghafla kuanzia Jumanne, usiandike nadharia. Chukua simu ya bei ya chini, fungua ukurasa, bonyeza kitufe. Mara nyingi utakuta hakibonyezeki.

Tatu, hesabu kitendo chenyewe. Kama faili la ratiba lipo la kupakua, hesabu waliolipakua. Kama ni makala ndefu, angalia wangapi waliskroli mpaka chini. Na swali dogo mwishoni, "Umepata ulichokuja kutafuta?", lenye ndiyo na hapana, litakufundisha mengi ambayo asilimia peke yake haitakufundisha. Hata hilo halitawafikia wasiokuja. Hao itabidi uwafuate darasani uwaulize.

Nne, kabla ya kubadilisha ukurasa ili namba ishuke, uliza nani atalipa. Kila mbofyo wa ziada ni bando la mtu, muda wa mtu, chaji ya simu ya mtu. Namba ikipendeza kwa gharama hiyo, wageni ndio wamelipia ripoti yako.

Kuhusu ratiba yetu: ilirudishwa kwenye ukurasa mmoja, mitihani ya wiki hiyo ikiwa juu kabisa. Kudunda kukapanda tena, tukarudi kwenye rangi nyekundu. Safari hii tuliandika chini ya jedwali la ripoti kwamba ukurasa huu unatakiwa kuwa hivyo, na tukaeleza kwa nini. Ilikuwa mistari mitatu. Tungeiandika mwanzoni, wale waliokimbia asubuhi ile wangekuwa wamekaa kwenye viti vyao.

Na wewe uliyefika hapa, huna haja ya kubofya chochote. Funga tu, ukaendelee na mambo yako.